Kura 5 za Seneti: namna serikali ya Romano Prodi ilivyoanguka Januari 2008

Tarehe 23 Januari 2008, Baraza la Wawakilishi la Italia lilimpigia Waziri Mkuu Romano Prodi kura ya imani, 326 kwa 275. Kesho yake Seneti ikamnyima, 156 kwa 161. Serikali ni ile ile, na mabaraza yote mawili yalichaguliwa siku moja, katika vituo vile vile. Usiku huo Prodi akapanda kilima cha Quirinale, kwenye Ikulu ya Rais wa Jamhuri, akakabidhi barua ya kujiuzulu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mfano wa Waitaliano kupenda kuangushana. Maelezo hayo hayatoshi. Anguko hili lina sababu zinazohesabika, kura kwa kura, na ukizifuata utaona kwamba serikali ya mseto nchini Italia huishi au kufa kwa mambo matatu: sheria ya uchaguzi iliyozaa bunge, kanuni ya kuhesabu kura ndani ya ukumbi, na jinsi chama kidogo kinavyopima nafasi yake katika uchaguzi unaofuata.

Tuanze na katiba. Ibara ya 94 inasema serikali lazima iwe na imani ya mabaraza yote mawili, na ikishaapishwa ina siku 10 za kwenda kuiomba. Hakuna baraza lililo juu ya jingine. Kura ya imani hupigwa kwa jina: seneta anaitwa, anapita mbele ya meza ya spika, anatamka ndiyo au hapana, watu wote wanasikia. Ibara hiyo hiyo inasema pia kwamba serikali ikishindwa katika pendekezo la kawaida hailazimiki kujiuzulu. Ila serikali yenyewe inaweza kufunga uhai wake kwenye muswada wowote na kusema: mkiuangusha huu, tunaondoka. Silaha hiyo imetumika sana Roma, na tutaona inapofika kikomo.

Halafu sheria ya uchaguzi. Sheria namba 270 ya mwaka 2005 ilipitishwa na wabunge wa upande wa kulia, wa Silvio Berlusconi, Waziri Mkuu wa wakati huo, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kwa Baraza la Wawakilishi lenye viti 630, muungano wa vyama ulioongoza nchi nzima ulipewa viti 340, hata kama umeongoza kwa kura moja. Kwa Seneti isingewezekana hivyo, kwa kuwa katiba inataka Seneti ichaguliwe kimkoa. Basi viti vya nyongeza vikagawiwa mkoa kwa mkoa: anayeongoza mkoani hupata angalau asilimia 55 ya viti vya mkoa huo. Lombardia ilikuwa na viti 47, kwa hiyo mshindi alihakikishiwa 26. Mikoa iliyofuata utaratibu huu ilikuwa 17 kati ya 20. Kilichopatikana ni bahati nasibu 17 zinazochezwa siku moja, na zinafutana zenyewe kwa zenyewe: huyu akichota Lombardia, Veneto na Sicilia, yule anachota Toscana na Emilia-Romagna, na mwisho wa siku mizani inasimama katikati. Tofauti nyingine ni umri. Kura ya Seneti wakati huo ilikuwa ya watu wa miaka 25 kwenda juu.

Tarehe 9 na 10 Aprili 2006 matokeo yakawa hivi. Katika Baraza la Wawakilishi, muungano wa Prodi uitwao Unione uliongoza kwa kura zisizofika 25,000 kati ya zaidi ya milioni 38, ukajikuta na viti 348 dhidi ya 281. Katika Seneti, kura za ndani ya nchi zilikuwa nyingi kidogo kwa upande wa kulia. Kilichomwokoa Prodi ni viti 6 vya Waitaliano wanaoishi ng'ambo, viti ambavyo upande wa kulia wenyewe ndio ulivipigania kwa miaka mingi. Unione ikachukua 4, kulia 1, na kimoja kikaenda kwa Luigi Pallaro, mgombea binafsi kutoka Argentina. Jumla: Unione 158, kulia 156, Pallaro 1. Juu yao walikuwepo maseneta wa maisha 7, yaani wasiochaguliwa na wapiga kura na wanaokaa Seneti maisha yao yote: Andreotti, Cossiga, Scalfaro, Ciampi, Colombo, Pininfarina na Rita Levi-Montalcini.

Huo ndio mtaji wa kuanzia, na tangu siku ya kwanza ulionekana kuwa haba. Seneti ilipokaa kumchagua spika wake, tarehe 28 Aprili, mgombea wa Unione alikuwa Franco Marini. Katika duru moja baadhi ya karatasi zilikutwa zimeandikwa "Francesco Marini". Je, ni mtu yule yule? Kwenye bunge lenye wingi wa watu 40 hakuna ambaye angeuliza. Hapa walibishana mpaka usiku, kura ikarudiwa, na Marini akapatikana kesho yake kwa kura 165 dhidi ya 156 za Andreotti. Waliojua kusoma dalili walielewa kwamba kura ikiwa ya siri, kila mtu ndani ya muungano ana njia ya kutuma salamu.

Ushindi wa Marini nao ulikuwa na gharama, maana spika wa Seneti kwa desturi hapigi kura. Kwa hiyo 158 ikawa 157. Tarehe 19 Mei 2006 serikali iliomba imani ikapata 165 kwa 155. Hesabu yake: 157 za Unione, Pallaro mmoja, na maseneta wa maisha wote 7. Kwa maneno mengine, tofauti ile ya kura 10 iliegemea watu 8 ambao hakuna chama cha Unione kilichokuwa na mamlaka juu yao. Wiki chache baadaye Sergio De Gregorio, aliyechaguliwa kupitia chama cha Antonio Di Pietro ndani ya Unione, alipata uenyekiti wa Kamati ya Ulinzi ya Seneti kwa kura za wapinzani, akahamia huko. Miaka mingi baadaye De Gregorio alikiri kwamba alipewa euro milioni 3 na Berlusconi, akamalizana na mahakama kwa kifungo cha miezi 20. Berlusconi alitiwa hatiani Napoli katika ngazi ya kwanza mwaka 2015, na rufaa ikaisha kwa kesi kupitwa na muda wa kisheria. Kwa hesabu yetu, yatosha kukumbuka kwamba seneta mmoja akihama, pengo linapanuka kwa kura 2: moja inatoka huku, moja inaongezeka kule.

Serikali ya namna hiyo inafanyaje kazi? Unione ilikuwa na vyama kuanzia Wakomunisti hadi Wakatoliki wa kati wa Clemente Mastella, na ilani yake ilikuwa na kurasa 281, kwa sababu kila chama kilitaka aya yake iandikwe. Serikali nayo ikawa na mawaziri na manaibu zaidi ya 100, kwa kuwa nafasi hizo ndizo gundi. Bungeni, tatizo lilikuwa marekebisho ya miswada. Kila rekebisho linapopigiwa kura peke yake, seneta mmoja aliyenuna au aliyelazwa hospitali anatosha kuharibu mambo. Dawa iliyotumika kwenye bajeti ya 2007 ilikuwa kukusanya kila kitu ndani ya rekebisho moja kubwa la serikali na kulifungia kura ya imani. Marekebisho mengine yote yanaanguka, maseneta wanaitwa kwa majina mara moja, kazi imekwisha. Sheria iliyotoka, namba 296 ya tarehe 27 Desemba 2006, ina ibara 1 tu, na ndani yake ibara ndogo 1,364.

Njia hiyo inaokoa muda lakini inakula bunge. Kazi iliyofanywa na kamati inawekwa pembeni, na mazungumzo ya kweli yanahamia kwenye korido, siku chache kabla rekebisho halijafungwa, ambapo kila mwenye kura anataja bei yake. Bei nyingine zilikuwa za heshima. Levi-Montalcini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986, wakati huo akiwa na miaka 97, alisema hataunga mkono bajeti inayokata fedha za utafiti wa sayansi. Alisikilizwa. Lakini ukishamsikiliza mmoja kwa sababu kura yake ni ya lazima, wengine wote wamejifunza njia.

Kisha ikaja tarehe 21 Februari 2007. Waziri wa Mambo ya Nje, Massimo D'Alema, alikwenda Seneti kueleza sera yake, ikiwemo kubaki kwa askari wa Italia nchini Afghanistan, siku 4 baada ya maandamano makubwa ya Vicenza ya kupinga upanuzi wa kambi ya Wamarekani. Alikuwa ameshatamka kwamba serikali isiyo na wingi katika mambo ya nje inapaswa kwenda nyumbani. Kura ilipopigwa: ndiyo 158, hapana 136, waliojizuia 24. Ndiyo zilizidi hapana kwa 22, na bado serikali ilishindwa.

Sababu ni kanuni ya Seneti. Katika Baraza la Wawakilishi, anayejizuia hahesabiwi kabisa. Katika Seneti ya wakati ule alihesabiwa kuwa mpiga kura, kwa hiyo alipandisha kiwango cha kushinda bila kuchangia kukifikia. Waliopiga kura walikuwa 318, kiwango kikawa 160, na serikali ilikuwa na 158. Kujizuia kulikuwa sawa na kusema hapana. Seneta aliyetaka kweli kutokuwa upande wowote ilimpasa atoke ukumbini.

Magazeti na viongozi wa Unione waliwashambulia maseneta wawili wa mrengo wa kushoto, Fernando Rossi na Franco Turigliatto, ambao hawakushiriki kupiga kura. Rudia hesabu taratibu. Wawili hao wangesema ndiyo, ndiyo zingekuwa 160, lakini waliopiga kura wangekuwa 320 na kiwango kingekuwa 161. Serikali ingeshindwa kwa kura moja. Waliobeba matokeo siku ile ni Andreotti na Pininfarina, maseneta wa maisha waliokuwa wamempa Prodi kura mwezi Mei na safari hii wakajizuia. Wao wawili wangesema ndiyo, hata bila Rossi na Turigliatto, zingekuwa 160 kati ya 318, na serikali ingepita. Lawama iliwaangukia waliokuwa na kadi za vyama, kwa kuwa mwenye kadi anaweza kufukuzwa, na Turigliatto alifukuzwa kweli. Seneta wa maisha hana wa kumfukuza. Huu ndio udhaifu ambao Unione haikuwahi kuukabili waziwazi: ilijenga serikali juu ya watu wasiokuwa na sababu yoyote ya kuogopa uchaguzi.

Kura ile haikuwa ya imani, na katiba haikumlazimisha Prodi kuondoka. Aliamua kujiuzulu jioni ile ile. Tunadhani alikuwa sahihi, kwa sababu alitumia pigo hilo kama kiboko cha nidhamu. Aliwaita wakuu wa vyama, akaweka mezani masharti 12 yasiyojadiliwa, la mwisho likiwa kwamba panapotokea mgongano Waziri Mkuu ndiye mwenye neno la mwisho. Wote wakakubali. Rais Giorgio Napolitano akamrudisha bungeni, na tarehe 28 Februari Seneti ikampa 162 kwa 157. Hata Turigliatto alisema ndiyo. Marco Follini, aliyechaguliwa upande wa kulia, alivuka na kuziba pengo la De Gregorio.

Kiboko hicho kilifanya kazi kwa sababu kila chama kidogo kilijua kwamba uchaguzi wa ghafla ungemrudisha Berlusconi. Kura ya imani huwashika wanaoogopa uchaguzi. Hofu hiyo ikihama, haimshiki mtu.

Ndicho kilichotokea mwaka huo. Oktoba 2007 vyama viwili vikubwa vya Unione viliungana kuwa Chama cha Kidemokrasia chini ya Walter Veltroni, aliyesema kwamba chama hicho kitagombea peke yake bila msururu wa vyama vidogo. Kwa demokrasia ya Italia ilikuwa hatua nzuri. Kwa serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa sumu, maana washirika waliambiwa wakiwa bado ndani ya nyumba kwamba nyumba inayofuata haina chumba chao. Lamberto Dini, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1995, akajitenga na kikundi chake kidogo.

Wakati huo huo zilikusanywa saini za kura ya maoni ya kubadili sheria ya uchaguzi: viti vya nyongeza viende kwa chama kilichoongoza, si kwa muungano. Tazama chama cha Mastella, Udeur. Mwaka 2006 kilipata asilimia 1.4 ya kura za Baraza la Wawakilishi. Kiwango cha kuingia kwa chama kilicho ndani ya muungano kilikuwa asilimia 2, ila sheria ilimwokoa yule aliyeongoza miongoni mwa waliokosa. Kwa mlango huo Udeur ilipata wabunge 10, na katika Seneti ilikuwa na maseneta 3. Kura ya maoni ingepita, miungano isingekuwa na maana tena, na kiwango kingekuwa asilimia 4 kwa Baraza la Wawakilishi na 8 kwa Seneti. Udeur ingefutika.

Tarehe 16 Januari 2008 mambo mawili yaligongana. Asubuhi, mke wa Mastella, Sandra Lonardo, aliyekuwa spika wa baraza la mkoa wa Campania, aliwekwa chini ya kizuizi cha nyumbani katika uchunguzi uliomgusa Mastella pia. Mastella, ambaye ndiye alikuwa Waziri wa Sheria, akatangaza kujiuzulu mbele ya wabunge. (Mwaka 2017 mahakama ya Napoli iliwaachia huru wote wawili.) Na siku hiyo hiyo Mahakama ya Katiba iliruhusu kura ya maoni ifanyike. Watu wanakumbuka la kwanza. La pili lilikuwa na uzito mkubwa kuliko linavyosimuliwa, kwa kuwa sheria ya Italia inasema bunge likivunjwa, kura ya maoni inasogezwa mbele. Kwa chama cha asilimia 1.4, uchaguzi wa mapema ulikuwa umegeuka kutoka hatari kuwa kinga. Tarehe 21 Januari Udeur ikajiondoa.

Prodi angeweza kujiuzulu bila kura. Alitaka kila anayemwangusha atamke kwa sauti, kwa jina lake. Hesabu ya tarehe 24 inafungamana mpaka mtu wa mwisho. Anza na 158. Ondoa Marini kwenye kiti cha spika na De Gregorio aliyehama: 156. Ondoa waliosema hapana, Mastella na Tommaso Barbato wa Udeur, Dini, Domenico Fisichella na Turigliatto: 151. Ondoa Giuseppe Scalera aliyejizuia: 150. Ongeza Follini: 151. Ongeza maseneta wa maisha watano, Ciampi, Colombo, Scalfaro, Levi-Montalcini na safari hii Cossiga: 156. Upande wa pili, 156 za kulia pungufu ya Follini ni 155, pamoja na De Gregorio 156, pamoja na wale watano 161. Andreotti, Pininfarina na Pallaro hawakuwepo.

Seneta wa tatu wa Udeur, Stefano Cusumano, aliposema atampa Prodi kura, Barbato alimjia juu kwa matusi. Cusumano akaishiwa nguvu, akatolewa ukumbini kwa machela. Alirudi akapiga kura ya ndiyo. Matokeo yalipotangazwa, seneta mmoja wa upinzani alitafuna vipande vya mortadella, soseji nene ya Bologna, mji wa Prodi, ambayo wapinzani walikuwa wameigeuza kuwa jina lake la utani. Chupa ya mvinyo ikafunguliwa. Marini akawakemea kwamba pale si kilabuni. Inauma kuona ukumbi ule ukifika hapo, lakini ndipo unapofika wingi wa watu wawili ukilazimishwa kuishi miezi 20.

Napolitano alimtuma Marini kutafuta serikali ya muda ya kurekebisha sheria ya uchaguzi. Baada ya siku chache alirudi mikono mitupu, na tarehe 6 Februari bunge likavunjwa. Uchaguzi wa 13 na 14 Aprili ulimpa Berlusconi wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili. Udeur haikushiriki hata kidogo, hapakuwa na aliyeitaka. Vyama vya kushoto vilivyogombea pamoja vilipata kama asilimia 3, na kwa mara ya kwanza tangu vita kuu ya pili Wakomunisti wakakosa kiti hata kimoja. Kura ya maoni ilifanyika Juni 2009 ikakosa idadi ya wapiga kura inayotakiwa. Sheria ya 2005 ilisubiri hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta viti vile vya nyongeza kwa hukumu namba 1 ya mwaka 2014.

Kanuni ya kujizuia nayo ilibadilishwa. Tangu mwaka 2018 Seneti inahesabu kama Baraza la Wawakilishi, ndiyo na hapana peke yake. Tarehe 19 Januari 2021, Waziri Mkuu Giuseppe Conte alipoomba imani baada ya chama cha Matteo Renzi kujitoa, Seneti ilimpa ndiyo 156, hapana 140, na waliojizuia 16. Alipita, ingawa alijiuzulu wiki moja baadaye. Chini ya kanuni iliyomkuta Prodi, wapiga kura wangehesabiwa 312, kiwango kingekuwa 157, na Conte angeanguka palepale kwa kura moja.